Rafu za Mlimani Katika Miaka 60

Aliyesoma Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya kompyuta anazikumbuka droo za katalogi. Unaivuta droo, inakuja ndefu hadi inakugusa tumbo, imejaa kadi zilizosimama kama watu kwenye foleni ya sukari. Kila kadi ina tundu chini, na fimbo nyembamba ya chuma imepenya matundu yote ili mwenye haraka asiinyofoe kadi akaondoka nayo. Mada zilizopendwa ungezijua kwa macho tu: kingo za kadi zake zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya vidole, ilhali jirani zake ambazo hakuna aliyezitaka zilibaki nyeupe kama siku zilipotoka kwenye taipureta. Unanakili namba kwenye kipande cha karatasi, unapanda ngazi, unaifuata rafu, na ukifika unakuta pengo. Mwenzako kakuwahi.

Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amekaa kwenye kimbweta, simu mkononi, anaandika maneno mawili, majibu yanamwagika hata asijue aanze na lipi. Mweleze habari za fimbo ya chuma, atakutazama kama unamsimulia habari za manowari za Sultani. Hatumlaumu. Ila tungependa ajue kwamba kadi ile na jibu hili la simuni ni ndugu wa damu. Nyuma ya kila moja kuna mtu aliyekishika kitabu, akakifungua, akaamua kinahusu nini, akaandika. Simu haijakisoma kitabu chochote. Inasoma alichoandika mtu yule, na kama hakuandika kitu, haina cha kuonyesha.

Oktoba 25, 2021 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitimiza miaka 60, na maktaba yake imekwenda nacho bega kwa bega tangu siku za kwanza. Jarida hili linakipongeza chuo chote, lakini nafasi hii ya tahariri tumeamua kuipa maktaba, kwa sababu katika sherehe za vyuo wanaotajwa ni marais waliosoma pale, maprofesa waliofundisha pale na majengo. Mkutubi hutajwa mwishoni, kwenye orodha ya shukrani, baada ya kamati ya chakula.

Chuo kilianza mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na kitivo kimoja cha sheria chenye wanafunzi 14. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, kama kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, na kufikia Julai 1, 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Maktaba ilipewa jina la Dkt. Wilbert Chagula, Mwafrika wa kwanza kushika ukuu wa chuo, kuanzia 1965 hadi 1970. Kati ya matukio yote ya miaka hiyo ya mwanzo, lililoamua hatima ya maktaba hii halikupigiwa ngoma wala kukatiwa utepe. Ni sheria ya mwaka 1962 iliyoipa haki ya kuwekewa nakala ya kila kitabu kinachochapishwa nchini. Taifa lilikuwa na umri wa miezi tu, halina hata barabara ya lami ya kuliunganisha kutoka pembe moja hadi nyingine, lakini lilikwisha kuamua kwamba kila litakachochapa, nakala moja ije kwenye maktaba hii. Tutairudia sheria hiyo baadaye, maana ndani yake mna hoja yetu yote.

Kwanza tuzungumzie nyumba ya kupanga, yaani majarida ya nje.

Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipoadimika, maktaba za vyuo vikuu karibu Afrika nzima zilikatiwa majarida ya nje. Ukienda kwenye rafu ya majarida ya miaka ile unaweza kusoma historia ya uchumi wa nchi bila kufungua kitabu chochote: mfululizo unakuja vizuri, mwaka baada ya mwaka, jalada la rangi ileile, halafu unakatika ghafla. Mhadhiri aliyetaka makala mpya alimwandikia barua rafiki yake aliyekuwa masomoni Uingereza, naye akamtumia kopi kwa posta, ikifika baada ya wiki sita kama ilibahatika kufika. Wapo maprofesa wastaafu ambao hadi leo wana mabahasha hayo, stempu zikiwa bado zimebandikwa.

Kilichovunja ukame huo hakikuwa kifaa kimoja bali mambo kadhaa yaliyokutana. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa HINARI, ukafungua majarida ya tiba kwa nchi maskini bure au kwa bei ya chini. Mwaka uliofuata ukaja AGORA kwa kilimo. Shirika la INASP la Uingereza likawa linazungumza na wachapishaji kwa niaba ya maktaba za nchi zetu. Wakutubi wa Tanzania nao wakajifunza walichokwisha kukijua kina mama wa vikoba, kwamba peke yako huna sauti. Wakaunda umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, COTUL, ili wanunue kwa pamoja na kulipa kwa pamoja. Kisha Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukatua Dar es Salaam kutoka baharini. Kabla ya mkongo, intaneti ya vyuo vyetu ilipitia setilaiti, ghali na ya taratibu. Ukibofya makala asubuhi, unakwenda kunywa chai, unarudi, mstari wa bluu umefika nusu. Baada ya mkongo, ile nusu ya chai ikawa sekunde.

Mwanafunzi wa leo wa uzamili, aliyetoka Tandahimba na boom lake lisilotosha nauli ya likizo, anaweza kusoma asubuhi moja majarida mengi kuliko aliyoyasoma profesa wake katika mwaka mzima wa 1985. Jambo hili linastahili shangwe, na asiyelishangilia amesahau zile barua za posta.

Lakini ni nyumba ya kupanga. Jarida la karatasi uliloacha kulilipia mwaka 1984 lilikuachia ya 1983 na yote yaliyotangulia. Yamo rafuni, yana vumbi, ni yako. Jarida la mtandaoni ukiacha kulilipia, mara nyingi mlango unafungwa pamoja na vyote vilivyomo, hata vya miaka uliyokwisha kulipia, isipokuwa kama mkutubi wako alikuwa macho siku ya mkataba akadai kipengele cha kubaki na ya nyuma. Mwenye nyumba yuko Amsterdam au New York, kodi inadaiwa kwa dola, na masharti anayaandika yeye. Hata ile misaada ya bei nafuu ina vigezo vinavyotazama uchumi wa nchi. Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati, daraja la chini, taifa lilishangilia. Wakutubi nao walishangilia kama wananchi wengine, ila tunawafahamu baadhi yao waliokwenda kusoma upya masharti ya usajili jioni ileile.

Halafu kuna suala la mlango wenyewe. Mchapishaji hamjui mwanafunzi wa Mlimani kwa jina wala sura. Anakitambua chuo kwa anwani ya mtandao wake. Ukiwa ndani ya eneo la chuo, milango inafunguka yenyewe. Ukitoka getini, ukapanda daladala ukafika Mabibo, umekuwa mgeni, na makala uliyoisoma saa moja iliyopita inakudai dola 35 au zaidi. Kwa miaka mingi jambo hili lilionekana usumbufu mdogo. Machi 2020, korona ilipofunga vyuo na wanafunzi wakarudishwa kwao hadi Juni 1, ndipo kila mtu alipoona kwamba maktaba ya kidijitali inayofunguka ndani ya geti tu ni maktaba ya kawaida iliyovaa suti. Njia za kuingia kutoka mbali zipo, kwa nywila au kwa mtambo unaosimama katikati na kumdhamini mwanafunzi kwa mchapishaji kwamba huyu ni wetu. Kinachobaki ni bando. Faili moja la makala si zito, lakini mwanafunzi mwenye bando la siku, nalo la usiku, anapima kila bofyo kama mpika chapati anavyopima mafuta. Anayebuni ukurasa wa maktaba wenye picha tano zinazotembea kabla ya kisanduku cha kutafutia, na amkumbuke huyo.

Sasa jengo. Novemba 27, 2018, hayati Rais John Magufuli alifungua maktaba mpya ya Mlimani iliyojengwa kwa msaada wa China. Takwimu zake zilitangazwa na kila gazeti: watu 2,100 kwa wakati mmoja, nafasi ya vitabu 800,000. Wapo waliouliza, na si kwa ubaya, kwa nini kujenga nyumba kubwa kiasi hicho ya vitabu katika zama ambazo kila mtu anasema vitabu vimehamia hewani.

Jibu linaonekana saa mbili usiku, majuma mawili kabla ya mitihani. Pita pale uhesabu. Wengi waliokaa hawana kitabu cha maktaba mbele yao. Wana kompyuta mpakato iliyochomekwa ukutani, chupa ya maji, madesa ya kozi yaliyochapishwa nusu saizi ili kuokoa karatasi, na spika za masikioni. Wamefuata kiti, umeme, mtandao na ukimya. Chumbani kwao wamo wengi, mmoja anapasi, mmoja anazungumza na nyumbani kwa sauti ya mtu anayevuka mto, wa tatu amealika mwenzake. Maktaba ni sebule ya asiye na sebule, na teknolojia haijaliondoa hitaji hilo, imelikuza. Hivyo hatuna ugomvi na jengo. Tunachokataa ni kuipima maktaba kwa viti na mita za mraba, kwa sababu kwa kipimo hicho kazi ingekuwa imekwisha siku ya kukata utepe.

Kazi yenyewe imo kwenye kitengo ambacho wageni wa heshima hawapelekwi sana, East Africana. Humo ndimo zilimokuwa zikiingia nakala zile za sheria ya 1962, na humo mna vitu ambavyo hakuna fedha itakayovikodi kutoka kokote, kwa sababu haviko kwingine, au viko kwa nakala za kuhesabika. Zimo karatasi za Hans Cory, yule Mwaustria aliyefanya kazi serikalini wakati wa Mwingereza akiandika mila na sheria za jadi za makabila, wakiwemo Wahaya na Wasukuma. Zimo tasnifu za wanafunzi wa chuo hiki tangu kianze kutoa shahada za juu. Yapo machapisho ya enzi za moto, kama *Cheche*, jarida la wanafunzi lililoanza mwaka 1969, ambamo Issa Shivji alichapisha uchambuzi wake wa matabaka nchini, na ambalo lilipigwa marufuku mwaka 1970, likafuatiwa na *MajiMaji*. Karatasi za machapisho ya aina hii hazikukusudiwa kuishi miaka 50. Ni dhaifu, zinageuka rangi ya chai, na pini za stepla zinaota kutu na kuila karatasi pembeni.

Tuchukue mfano mmoja. Mwalimu wa sekondari Bukoba anataka kujua wataalamu walisema nini juu ya tenzi zinazoimbwa kwa nanga, alizozisikia kwa babu yake. Kazi kubwa kuhusu jambo hilo ni tasnifu ya uzamivu ya M. M. Mulokozi, iliyowasilishwa Mlimani mwaka 1986. Zamani mwalimu huyu angehitaji kwanza mtu wa kumwambia kwamba tasnifu hiyo ipo, kisha basi la kumpeleka zaidi ya kilomita 1,300, kisha barua ya utambulisho, kisha siku kadhaa za kulala kwa shemeji. Tenzi zilitoka Bukoba kwenda Dar es Salaam, na mwenye nazo alitakiwa kuzifuata.

Hazina ya tasnifu ya Mlimani iliyo mtandaoni imeondoa nusu ya safari za aina hii. Ukitafuta tasnifu za zamani utakuta jina la mwandishi, mwaka, ikisiri nzima, na kwa nyingi kati yake mstari unaoeleza kwamba nakala ya karatasi inapatikana East Africana, Maktaba ya Dkt. Wilbert Chagula, na namba yake inayoanza na herufi THS EAF. Wako wanaoukuta mstari huo wakaudhika. Walitaka faili, wamepewa anwani ya rafu. Sisi tunauona kuwa mstari wa heshima. Unasema ukweli: kitu kipo, kiko hapa, hii ndiyo namba yake. Ni ile kadi ya droo, fimbo ya chuma imeondolewa, na sasa inasomeka Bukoba, Bujumbura na Muscat. Nusu ya pili ya safari, yaani kuifikisha tasnifu yenyewe kwa msomaji, ndiyo tunayotaka iwe shabaha ya miaka kumi ijayo kabla ya kununua kanzidata nyingine yoyote ya kukodi.

Wala si kazi ya kubonyeza kitufe. Ana kwa ana na tasnifu ya 1986, mkutubi ana kitabu chenye jalada gumu jeusi, kurasa mia tatu na zaidi, kimechapwa kwa taipureta, na herufi "e" iliyojaa wino. Akikikandamiza kwenye skana, mgongo unapasuka. Akikikata mgongo, ameharibu nakala pekee. Kwa hiyo anatumia skana ya kutazama kutoka juu, kitabu kikiwa kimelala kwenye kitanda chenye umbo la V, anageuza ukurasa kwa mkono, picha, anageuza, picha. Mwishoni programu ya kutambua herufi inasoma picha hizo na kuzigeuza maandishi yanayotafutika. Kwa Kiingereza inafanya vizuri, kwa Kiswahili inajikongoja, na ikikuta neno la Kihaya inaandika mambo yake. Lazima mtu apitie. Kisha kuna haki za mwandishi: yuko hai au amefariki, alisaini ruhusa au enzi zake ruhusa ya namna hiyo haikuwepo? Kisha maelezo: mada gani, mahali gani, lugha gani. Kuskani ni kazi ya mikono. Kueleza ni kazi ya akili.

Na hapo kwenye kueleza kuna jambo linalotukera kidogo, tulitoe. Vichwa vya mada vinavyotumika katika maktaba nyingi za vyuo vikuu duniani vilitungwa Washington, katika Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa Kiingereza. Vinafaa sana kwa kuwasiliana na ulimwengu. Lakini msomaji anayetafuta "misemo ya kanga" au "jando" au "vikoba" anatafuta kwa lugha anayoifikiria, na tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha kuanzia shukrani hadi marejeo inaweza kufichwa nyuma ya kichwa cha mada cha Kiingereza ambacho mwandishi wake mwenyewe asingekikisia. Mlimani ndiko iliko Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, mrithi wa TUKI iliyotoa *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* mwaka 1981. Waliotengeneza kamusi na waliotengeneza katalogi wanatembea kwenye vivuli vya miti ileile. Orodha ya mada ya Kiswahili, inayokaa pembeni ya ile ya Kiingereza bila kuifukuza, ingekuwa zawadi ya jubilei ambayo hakuna chuo kingine ulimwenguni chenye sababu nzuri zaidi ya kuitoa.

Programu za kufanya hivyo hazidai mabilioni. Koha, inayotumiwa na maktaba nyingi za Afrika Mashariki, ni programu huria. Ilitengenezwa kwa ajili ya maktaba ndogo za wilaya moja huko New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Waswahili tungeiita tunu, na tungeongeza kwamba tunu nayo inataka kutunzwa. Inahitaji seva, umeme na mtu anayeijua asiyehamia benki baada ya miezi sita.

Tusije tukaonekana tunaamini kwamba kila kilichogeuzwa kidijitali kimeokoka. Mmoja wa wahariri wa jarida hili alisoma uzamili katika chuo ambacho hatutakitaja. Mwaka 2004 alitakiwa kukabidhi tasnifu katika sidii, pamoja na nakala ya karatasi, na akaambiwa sidii ndiyo ya kudumu. Miaka mingi baadaye mwanafunzi mmoja alimtafuta kwa simu akiiomba. Sidii ilipatikana, imeandikwa vizuri kwa kalamu ya wino usiofutika, lakini kompyuta za pale hazikuwa tena na mahali pa kuiingiza, na ilipopatikana ya kuazima, ikazunguka, ikakoroma, ikanyamaza. Faili la mtandaoni nalo liliandikwa lipo. Tovuti ilihamishwa, kiungo kikafa. Kilichomsaidia yule mwanafunzi ni nakala ya karatasi, jalada jeusi, herufi za dhahabu, na doa la chai ukurasa wa 46. Kwa hiyo tunapoona bajeti ya skana tunauliza pia bajeti ya nakala rudufu: ziko ngapi, ziko mji gani, na nani anazifungua kila mwaka kuona kama bado zinafunguka?

Tumebakiza kilicho adimu kuliko vyote. Miaka ya 1960 J. W. T. Allen, Mwingereza aliyekiishi Kiswahili, alikusanya kwa ajili ya chuo miswada ya mwambao, tenzi na maandiko mengine kwa hati ya Kiarabu, pamoja na kanda za sauti. Katalogi yake ya miswada na kanda hizo ilichapishwa na Brill mjini Leiden mwaka 1970. Hebu tafakari hilo: orodha ya urithi wa Pate, Lamu, Mombasa na Pemba uliohifadhiwa Dar es Salaam inauzwa Uholanzi. Kwa wakati wake ilikuwa kazi ya kiungwana kabisa. Kwa wakati wetu, picha safi ya kila ukurasa inawezekana, na jirani zetu wameonyesha njia. Miswada ya Msikiti wa Riyadha kule Lamu imepigwa picha za kidijitali na inatazamika na mtu yeyote mwenye intaneti kupitia Maktaba ya Uingereza.

Picha peke yake haitoshi, na hapa mashine inavua viatu mlangoni. Hati ya Kiarabu kama ilivyotumiwa na waandishi wengi wa zamani haikuwa na "p", haikutofautisha "e" na "i", na mara nyingi iliandika "mb" kwa herufi ya "b" tu. Matokeo yake neno "pembe" na neno "bibi" yanaweza kuandikwa sawasawa. Mshairi anasifu pembe ya ndovu au anamsifu bibi wa nyumba? Msomaji aliyekulia kwenye mizani na vina anajua kwa kusikia beti zilizotangulia. Kompyuta inaona umbo moja. Wazee wanaosoma hati hiyo kwa ufasaha wapo bado, Zanzibar, Lamu, Mombasa, Tanga, wengine Oman, ila hawaongezeki. Mkutubi kijana mwenye kinasasauti na mzee mmoja mwenye miwani, wakikaa meza moja kwa saa mbili mbele ya ukurasa uliokuzwa kwenye skrini, wanafanya teknolojia ya hali ya juu kuliko lango lolote la kielektroniki linalolia ukitoka na kitabu.

Kwa chuo, ombi letu la jubilei ni hili: kila shilingi inayokwenda kwenye kodi ya majarida ya nje, na iende, iwe na senti zake zinazobaki nyumbani kwa ajili ya East Africana. Walioweka sheria ya 1962 walikuwa wenye nyumba hata kabla hawajawa na nyumba.

Kwa waliosoma pale, tuna ombi jingine, na hili halihitaji bajeti. Fungueni masanduku. Chini ya kitanda cha mstaafu fulani huko Moshi, Songea au Mwanza mna toleo la jarida la wanafunzi ambalo maktaba yoyote ingelipokea kwa mikono miwili, kipeperushi cha mgomo, programu ya tamthilia iliyochezwa usiku mmoja tu, picha ya darasa yenye majina nyuma. Zipelekwe kwa wakutubi, na ziende zilivyo. Msizipanguse kwa kitambaa chenye maji. Msizitie plastiki ya moto kwenye duka la stationery, na msiunge palipochanika kwa selotepu, maana gundi yake huigeuza karatasi kuwa ya kahawia na haitoki tena. Kipande kilichotoka kiwekwe ndani ya bahasha, bahasha iandikwe kwa penseli kimetoka ukurasa gani.